Miaka 18 na Swali la Ulezi: Sheria Tuliyoirithi

Wazazi wengi wa Mwanza, kuanzia Igoma hadi mwalo wa Kirumba, huamini kwamba kijana wao mwenye ulemavu wa akili atabaki chini ya ulezi wao maisha yote. Kifamilia ni kweli, kisheria sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Akivuka umri huo, mzazi hawezi kumtilia saini kwa sababu tu ndiye aliyemzaa. Nani basi atamsemea benki, mahakamani au ofisi ya ardhi?

Jibu tulilonalo lina mizizi miwili. Wa kwanza ni ukoo. Kwa Wasukuma mali ilikuwa ng'ombe na mashamba, na asiyeweza kujitunza alitunzwa na ndugu. Hans Cory aliandika mila hizo katika kitabu kilichotoka 1953, na mwaka 1963 Serikali ikatangaza, kwa Tangazo Na. 436, sheria za kimila za ulezi, urithi na wosia. Aliyetajwa humo kama mwenye kauli ni ukoo wa baba.

Mzizi wa pili ni ukoloni. Mwaka 1920 Waingereza waliingiza Tanganyika sheria za India, ikiwemo ya Mikataba ya 1872. Sheria yetu ya Mikataba ya 1961 ilirithi sharti lake la akili timamu. Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za 1966, zenye asili hiyohiyo, ziliweka kesi za watoto na za watu wasio na akili timamu chini ya amri moja. Mtu wa miaka 30 akawekwa fungu moja na mtoto wa miaka mitatu.

Mizizi yote miwili inauliza nani ashike mali. Hakuna unaouliza kijana anataka nini.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 12 inamtambua kila mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, na inaidai nchi impatie msaada wa kuutumia. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Hata hivyo, sharti la 1872 bado liko mezani kwa karani.

Hili si suala la vitabuni. Tangu 2018 halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Kijana wa Ilemela anayejua kuanika dagaa, akiambiwa saini yake haina nguvu, fedha hiyo haimfikii. Baba akifariki, kiwanja chake kitashikwa na mjomba au baba mdogo asiyehojiwa na mtu.

Tunahitaji sheria ya msaidizi: kijana amchague mwenyewe, jina lake liandikwe, na mahakama imtake hesabu kila mwaka. Mlezi amsaidie kusema, asimnyang'anye kauli.