Tiba ya Kiwewe cha Vita: Kutoka Craiglockhart hadi Nakivale

Kiwewe cha vita ni maradhi ya akili yanayomfanya aliyenusurika aote majinamizi, ashtuke kwa kishindo kidogo na akwepe kila kinachomkumbusha yaliyompata, hata miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Historia ya tiba yake husimuliwa zaidi kama historia ya majeshi ya Ulaya na Marekani. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yana pengo kubwa, kwa sababu baadhi ya majaribio yaliyoonyesha kwamba raia maskini wanaweza kutibiwa kambini, tena na watu wasio madaktari, yalifanyika Uganda.

Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu askari watatu ambao, baada ya makombora kulipuka karibu nao, walipungukiwa na kumbukumbu, uwezo wa kuona, kunusa na kuonja. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mlipuko wenyewe ndio uliotikisa ubongo, lakini dhana hiyo ilidhoofika ilipobainika kuwa hata askari ambao hawakukaribia mlipuko wowote walipatwa na hali hiyo hiyo. Wakubwa wengi wa jeshi waliichukulia hali hiyo kuwa woga tu, na miongoni mwa askari 306 waliopigwa risasi na jeshi la Uingereza kwa makosa kama utoro na woga, wamo wanaoaminika kuwa walikuwa wagonjwa. Msamaha wao ulikuja mwaka 2006. Hata katika matibabu, cheo kilikuwa na neno lake. Huko London, Lewis Yealland aliwapitishia umeme askari wa kawaida waliokuwa mabubu mpaka waseme, ilhali katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, W.H.R. Rivers alikaa na maofisa, akiwemo mshairi Siegfried Sassoon, akiwahimiza wasizizike kumbukumbu zao bali wazizungumze.

Waafrika hawakupewa hata nafasi hiyo ya kusikilizwa. J.C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya akili ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1954 kitabu kilichoyaeleza mapambano ya Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Waingereza kama matokeo ya kasoro katika saikolojia ya Wakikuyu, badala ya kutazama ardhi waliyonyang'anywa. Kwa mtaalamu wa namna hiyo, swali la kiwewe cha aliyefungwa kizuizini lisingeweza hata kuulizwa.

Baada ya vita vya Vietnam, madai ya maveterani yalichangia maradhi haya kuingizwa rasmi, mwaka 1980, katika mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili. Tiba zilizofuata, hasa ile ya kumrudisha mgonjwa hatua kwa hatua katika kumbukumbu anayoikimbia hadi hofu ipungue, zilihitaji wataalamu na vikao vingi. Nchini Chile nako, chini ya udikteta wa Pinochet, wanasaikolojia waliandika ushuhuda wa walioteswa na kugundua kuwa kushuhudia kwenyewe kuliwapa nafuu.

Njia hizo mbili ziliunganishwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, katika tiba ya masimulizi. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni kuwakilisha maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka ua penye tukio jema na jiwe penye tukio baya. Kisha katika vikao vinavyofuata husimulia kwa mfuatano, akikawia kwenye kila jiwe mpaka woga upoe, huku mshauri akiandika na kumsomea upya kikao kinachofuata. Mwishoni hukabidhiwa maandishi hayo, ambayo yanaweza pia kutumika kama ushahidi wa aliyotendewa.

Katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi 43 wa Sudan walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2004: mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 tu ya waliopata vikao vinne vya masimulizi bado walikuwa na maradhi hayo, dhidi ya takriban asilimia 80 ya waliopewa ushauri wa kawaida au elimu kuhusu kiwewe peke yake. Jaribio la Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi nchini Uganda, lililochapishwa mwaka 2008 na kuwahusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, lina uzito zaidi, ingawa halikuipendelea tiba hiyo kama wabunifu wake walivyotaraji, kwa kuwa ushauri mwingine uliolenga kiwewe ulileta nafuu inayokaribiana nayo. Jambo kubwa ni kwamba washauri wenyewe walikuwa wakimbizi waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Mwaka 2013 utafiti kuhusu wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono mashariki mwa Kongo ulielekea huko huko: tiba ya vikundi iliyoendeshwa na wanawake wa jamii hizo, wasio wanasaikolojia, ilifanikiwa hata katika vijiji ambavyo usalama wake haukuwa wa kutegemewa.

Kwa hiyo kisingizio kwamba nchi haina madaktari wa akili wa kutosha hakina mashiko tena. Na tiba iliyojaribiwa kambini ilikubalika hata ng'ambo: mwaka 2017, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliiweka tiba ya masimulizi katika orodha ya tiba kinazozipendekeza kwa watu wazima wenye maradhi haya.