Mwenda Jean-Bosco na gitare ya Jadotville

Wanapozungumzia muziki wa Kongo, watu wengi wanakimbilia Kinshasa: Wendo, Kabasele, Franco. Sisi wa Likasi tunaanzia hapa petu. Mwaka 1952, muji ukiwa ungali unaitwa Jadotville (jina la Likasi lilishika rasmi 1966), Hugh Tracey, muzungu aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimukuta barabarani kijana mumoja akipiga gitare. Kijana yule njo Mwenda Jean-Bosco.

Alizaliwa 1930 kule Bunkeya, makao ya Msiri, na alijiita kwa fahari Mwenda wa Bayeke. Tukumbuke kwamba misafara ya biashara ilifikisha Kiswahili Bunkeya mbele ya treni na mbele ya Union Minière. Kwa hiyo Kiswahili alichoimba, pamoja na lugha zingine za Katanga, hakikuwa cha kambi ya wafanyakazi peke yake.

Lakini sauti si kitu, tusikilize vidole. Alipiga kwa viwili tu: kidole gumba kinashika nyuzi nene chini, kile cha shahada kinachezesha wimbo juu, na kila kimoja kina mwendo wake. Asiyemwona anaapa kwamba gitare ni mbili. Wimbo wake «Masanga», ulionaswa hapa 1952, ulimfanya mtaalamu David Rycroft aandike uchunguzi murefu, noti kwa noti, katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni nani kati yetu amefanya hivyo?

Sahani zake zilitolewa na Gallotone ya Afrika Kusini, zikafika mbali; Nairobi alikaa na kupendwa, na wapiga gitare wa Kenya walichota kwake. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Hata hivyo sifa hazikumulisha. Alitafuta riziki kwa biashara, akawa na hoteli karibu na mupaka wa Zambia, na kikundi chake Super Shaba kule Lubumbashi. Tunaona haya kidogo kusema hivyo juu ya mtu wa kimo kile, lakini njo ukweli.

Mwaka 1979 Muingereza John Low alikuja Katanga kujifunza kwake na kwa wenzake, Masengo na Losta Abelo. Mwenda alikufa 1990 kwa ajali ya gari. Leo kijana wa Likasi anayetaka ule mtindo wa vidole viwili, mara nyingi anaupata kwa wageni walioujifunza kwa mzee wetu.