Glutamati na Kumbukumbu ya Mahali

Kumbukumbu ya mahali ni uwezo wa kiumbe kujua alipo, kilipo anachokitafuta na njia ya kukifikia. Kwa wanyama wanyonyeshao, kazi hiyo hutegemea sana hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande, karibu na usawa wa masikio. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, waliripoti kwamba humo zimo seli ambazo husisimka panya anapofika mahali fulani tu.

Seli hizo hupashana habari kwa kemikali, na iliyo kuu ni glutamati. Seli moja huimwaga, nyingine huidaka kwa vipokezi. Kipokezi kiitwacho NMDA kina ukaidi wake: tundu lake limezibwa na magnesiamu, na glutamati peke yake hailizibui. Sharti seli inayopokea iwe nayo imesisimka wakati huohuo. Hapo kizibo hutoka, kalsiamu ikaingia. Kalsiamu huamsha vimeng'enya, vipokezi vya aina ya AMPA vikaongezwa, na tangu hapo seli ya pili huitikia kwa nguvu zaidi. Ni mtambo wa kuunganisha mambo yaliyotokea pamoja, na kujua mahali ni kuunganisha: dirisha hili, kona ile, chakula katikati.

Jaribio mashuhuri ni la bwawa la Richard Morris. Panya huogelea katika maji yaliyotiwa weupe, akitafuta jukwaa lililofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Hana cha kumwongoza ila vitu vilivyomo chumbani. Mwaka 1986 Morris na wenzake waliziba vipokezi vya NMDA kwa dawa iitwayo AP5. Panya waliogelea, wakaweza hata kujifunza kutofautisha vitu kwa macho, lakini kujua jukwaa lilipo kuliwashinda. Matokeo hayo hutajwa mno, pengine kupita kiasi, maana mwaka 1995 Morris huyohuyo na wenzake walionyesha kuwa panya waliokwisha kuzoezwa katika bwawa jingine walijifunza licha ya dawa. NMDA si kila kitu.

Ipo pia kemikali nyingine ya kupashana habari, asetilikolini, itokayo kwenye seli za chini ya sehemu ya mbele ya ubongo. Skopolamini, dawa inayoipinga, huvuruga kumbukumbu. Katika ugonjwa wa Alzheimer seli hizo hufa, na mgonjwa huweza kupotea mapema katika mtaa anaoujua. Donepezili huchelewesha kuvunjwa kwa asetilikolini iliyobaki. Hupunguza dalili kwa muda, lakini haizuii seli kuendelea kufa.