Maandamano ya Chadema ya Septemba 23: Sheria inataka kibali au taarifa?

Asubuhi ya Septemba 23, 2024, polisi walionekana barabarani Dar es Salaam kuliko waandamanaji. Askari wa kutuliza ghasia walikuwa wakifanya doria na magari ya maji ya kuwasha. Chadema ilikuwa imeitisha maandamano ya amani, lakini waliojitokeza walikuwa wachache. Tunaangalia kilichotokea na sheria inavyosema.

Kwa nini yaliitishwa?

Septemba 6 mwaka huo, Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya chama hicho, alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha. Kesho yake alikutwa amekufa. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza uchunguzi. Chadema ilidai pia wanachama wake wengine waliotoweka warudishwe, wakiwa hai au wamekufa, la sivyo ingeandamana.

Polisi walifanya nini?

Walipiga marufuku maandamano hayo kabla ya siku yenyewe. Siku ilipofika, mwenyekiti Freeman Mbowe alikamatwa Magomeni, na makamu wake, Tundu Lissu, alichukuliwa nyumbani kwake. Baadaye waliachiwa kwa dhamana.

Sheria inasemaje?

Mara nyingi tunasikia watu wakisema "kibali cha maandamano". Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sharti la kibali linakwenda kinyume na ibara ya 20 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kukutana.

Kwa sasa, kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi kinamtaka mwandaaji atoe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo husika, angalau saa 48 kabla. Lakini kifungu hichohicho kinampa mkuu huyo uwezo wa kuzuia mkusanyiko akiona unaweza kuvunja amani. Asiyeridhika hukata rufaa kwa waziri, na uamuzi wa waziri ni wa mwisho. Hivyo taarifa, ambayo kisheria si ombi, kwa vitendo husubiri jibu kama ombi.

Je, uchache wa watu unaonyesha nini?

Januari 24, 2024, Chadema iliandamana Dar es Salaam kupinga miswada ya sheria za uchaguzi na ugumu wa maisha. Polisi hawakuzuia, na umati ulitembea hadi ofisi za Umoja wa Mataifa bila vurugu.

Miezi minane baadaye, chama kilikuwa kilekile, jiji lilelile na sheria ileile. Uamuzi wa polisi ndio uliobadilika. Kwa hiyo idadi ya waliofika Septemba haitoshi kutuambia ni wangapi waliguswa na kifo cha Kibao. Mtu anayejua atakamatwa anaweza kubaki nyumbani na uchungu wake.