Kukusanya mahitaji: M-Pesa haikuanza kama unavyoijua

Mamilioni ya watu Kenya hutuma pesa kwa M-Pesa kila siku. Wengi hawajui kwamba huduma hiyo haikubuniwa kwa kazi hiyo. Ilianza kama njia ya kulipia mikopo midogo.

Kilichobadilisha mambo ni kazi ambayo maofisini huitwa uchambuzi wa biashara: kujua watu wanahitaji nini hasa kabla hela nyingi hazijamwagwa kwenye mfumo.

Ombi si hitaji

Mahitaji ni yale ambayo mfumo lazima uyatimize ili tatizo liishe. Ombi ni kile mtu anachosema anataka. Hivi viwili huchanganywa kila siku.

Meneja akisema "tutengenezeeni app", hilo ni ombi. Ukimuuliza kwa nini, unakuta shida yake ni wateja kupanga foleni ndefu kaunta. Huenda dawa ni kuongeza dirisha moja tu, na app isisaidie chochote.

Mdau naye ni yeyote anayeguswa na mabadiliko: anayelipia, atakayetumia, atakayepigiwa simu mfumo ukikwama, anayesimamia sheria, na yule atakayepoteza kitu. Huyu wa mwisho ndiye husahaulika sana, na ndiye mwenye sababu kubwa ya kuupinga mradi.

Thika, Mathare na katikati ya Nairobi

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 katika maeneo hayo matatu, yakiwa na wateja wasiozidi 500. Wadau walikuwa wengi kuliko kawaida: Vodafone ya Uingereza, Safaricom, benki ya CBA, taasisi ya mikopo ya Faulu, na serikali ya Uingereza iliyochangia fedha kupitia idara yake ya maendeleo, DFID. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ndio walioongoza mradi.

Kwenye karatasi wazo lilikuwa safi. Mkopaji anapewa mkopo kwa simu, analipa kwa simu, basi.

Kumbe mkopo wa kikundi una mambo yake. Wakopaji wa Faulu walikuwa kwenye vikundi vilivyokutana mara kwa mara, wanachama wakidhaminiana. Mkutano haukuwa wa kukusanya hela tu. Ndipo walipojua nani kalipa na nani kakwama. Mtu akilipa kwa simu, anaenda mkutanoni kufanya nini? Halafu kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya Faulu kukawa mzigo kwa wafanyakazi. Mahitaji ya namna hii ni nadra kutajwa kwenye kikao cha kwanza, kwa sababu kwa anayeyaishi ni mambo ya kawaida mno.

Wateja nao wakajiamulia. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao mashambani. Wafanyabiashara walilipana. Kuna walioweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasibebe noti njiani. Hakuna aliyewaagiza.

Timu ingeweza kusema wateja wanatumia vibaya. Badala yake iliwafuata. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, malipo ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando. Ujumbe mkuu ukawa rahisi: tuma pesa nyumbani.

Kuuliza bila kubahatisha

Mahojiano ya mmoja mmoja ni muhimu, maana karani hatampinga bosi wake mbele za watu. Lakini hayatoshi. Mtu husimulia kazi yake inavyotakiwa kufanywa, si anavyoifanya. Kwa hiyo mchambuzi mzuri hukaa pembeni ya karani nusu siku na kutazama. Akimwona anaandika kwenye daftari lake kitu ambacho tayari kiko kwenye kompyuta, hapo pana hitaji ambalo halijasemwa.

Kisha linaandikwa kwa maneno yanayopimika. "Mfumo uwe wa haraka" halimsaidii fundi. "Mteja apate ujumbe wa kuthibitisha ndani ya sekunde 10" linaweza kujaribiwa, na mkibishana mnajua mnabishania nini. Baada ya hapo wadau wanasomewa na kukubali, tena kwa maandishi. Hatua hii inachosha, lakini ukiiruka utasikia "mimi sikusema hivyo" siku ya makabidhiano.

Wadau wakigongana

Wadau hawatakubaliana kwa kila kitu. Benki za Kenya zililalamika kwamba kampuni ya simu inafanya kazi zao bila leseni ya benki. Mwishoni mwa 2008 Wizara ya Fedha iliagiza M-Pesa ikaguliwe. Kilichoiweka pazuri ni kwamba Benki Kuu ilishirikishwa kabla ya uzinduzi, na pesa za wateja ziliwekwa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha za kampuni. Mapema 2009 mamlaka zilitangaza kwamba huduma ni salama.

Mikopo nayo ilirudi Novemba 2012 kupitia M-Shwari, bila vikundi wala mikutano. Benki iliyokuwa nyuma yake ni CBA, ileile ya siku za majaribio.