Dalili za Mvua Walizozitazama Wazee Wetu wa Ruanda

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Ushirika wetu, tumeona haifai kusimulia habari za mizani na magunia peke yake, na kuiacha mvua iliyoyajaza magunia hayo.

Sisi wa Ruanda, kama Mbozi nzima, tuna msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hata Aprili. Ndugu zetu wa kaskazini wana vuli na masika; vuli ikiwapunja, masika huweza kuwafidia. Kwetu hakuna mvua ya pili. Kwa hiyo wazee hawakuuliza sana kama mvua itanyesha, bali ni ipi kati ya mvua za kwanza inayostahili kuaminiwa.

Kabla ya kahawa, Wanyiha walilima ulezi. Walikata matawi ya miti wakati wa kiangazi, wakayarundika yakauke, kisha wakayachoma na kupanda katika majivu. Aliyechoma mapema mno, upepo ulipeperusha majivu yake. Aliyechelewa, matawi yalilowa yasishike moto, na nyumba yake ikaingia mwaka wa njaa. Basi walitazama. Miombo ilipochipua majani mekundu, ardhi ingali kavu, walijua kiangazi kinakwisha. Upepo wa kusini-mashariki ulipolegea na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa magharibi, shoka liliwekwa chini na moto ukatafutwa. Wataalamu wa leo hueleza kwamba mvua zetu huletwa kwa sehemu kubwa na hewa yenye unyevu itokayo pande za Kongo, ikikutana na pepo za mashariki. Mzee hakuwa na ramani, lakini uso wake aliuelekeza mahali penyewe.

Walikuwa pia na Kilimia, nyota ambazo jina lake latokana na kulima, zionekanazo mashariki jioni za Novemba. Hizo hazikosi siku yake. Ila hutokea vile vile mwaka wa neema na mwaka wa ukame.

Kahawa nayo ilileta dalili yake. Vichipukizi vya maua hulala kiangazi chote. Mvua nzuri ikiviamsha, baada ya siku nane au kumi shamba huwa jeupe. Wengi wetu, tulipouona weupe huo, tulikimbilia jembe na mbegu za mahindi tulizokopa. Hapo tulikosea, nasi twakiri. Ua la kahawa husema kwamba mvua imenyesha; halisemi kwamba itanyesha tena. Mahindi yalichipua yakakauka, na deni likabaki katika daftari la chama.

Zamani habari za hewa zilitoka katika idara moja ya Afrika ya Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaanzisha idara yake, na mwaka 1999 ikawa Wakala wa Hali ya Hewa, ambao leo ni Mamlaka. Utabiri wake wa msimu twausikiliza kwa makini kabla ya kupanda. Lakini hutaja Mkoa wa Songwe, ambao ni mpana. Hautaji bonde la fulani wala kilima cha fulani.

Ndiyo maana twasikitika kuona miombo ikiisha. Mingine ilikwenda katika mkaa, mingine tuliikata wenyewe kupanua mashamba ya kahawa. Kijana akiambiwa atazame majani mekundu, huuliza mti wenyewe uko wapi. Na mzee humwonyesha kwa kidole, mbali, mlimani.