Amplifaya ya Mzee Haijazeeka, Inadai Bayasi Tu!

Kabla sabufa hazijajaa kila geto, mwenye muziki wake Singida alikuwa na boksi moja zito la chuma: amplifaya ya stirio. Ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na mtoto akiigusa alijua kitakachompata. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, hivyo starehe ya nyumbani ilikuwa Radio Tanzania, santuri na kanda.

Halafu mambo yakabana. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikula fedha za kigeni, spea zikaadimika. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Masharti ya kuagiza bidhaa yalianza kulegezwa 1984.

Sasa fundi redio angefanyaje? Transista ikiungua, alichomoa nyingine kwenye mashine iliyokufa, akachomelea. Muziki ukarudi, mteja akashangilia. Ila bayasi mara nyingi haikupangwa upya.

Bayasi ni nini? Ndani ya amplifaya, transista mbili zinagawana wimbi la sauti, nusu kwa nusu. Bayasi ni umeme kidogo unaoziweka macho muda wote, kama bodaboda inayosubiri abiria bila kuzima injini. Ikiwa ndogo mno, pale zinapopokezana sauti inakwaruza, hasa ukiweka sauti ya chini. Ikiwa kubwa mno, transista zinachemka, na zikizidi kuchemka zinavuta umeme zaidi, mpaka zinaungua.

Kijana mmoja wa Singida mjini alirithi boksi la namna hiyo kwa marehemu baba yake. Kushoto lilikwaruza, kulia lilichoma mkono. Alishaelewana bei na mnunuzi wa chuma chakavu. Fundi mmoja mstaafu, jirani yake, akamwambia, "Mwanangu, hiyo si chuma. Ilete nyumbani."

Mzee alipiga vumbi kwa brashi, akachomoa spika, akashusha sauti hadi sifuri. Akawasha kupitia balbu iliyofungwa kwa siriizi, ili kama kuna shoti balbu iwake badala ya kitu kuungua. Alipoona shwari akaitoa balbu, akasubiri dakika 15 mashine ipate joto.

Testa ikawekwa kwenye miguu ya resista ya emita, yenye omu 0.5. Kitabu cha mashine kilitaka milivolti 10, yaani miliampia 20. Kushoto ilisoma 1. Kulia, 31! Mzee akashika bisibisi ndogo, akazungusha kidogo, akasubiri, akazungusha tena. Hapo hakuna papara, maana ukipitiliza unaua transista ambazo leo kupata orijino ni kazi.

Pande zote zilipotulia kwenye 10, spika zikarudishwa, kanda ya marehemu ikawekwa. Kijana akakaa kimya. Ule mkwaruzo aliokua nao, akidhani ndivyo wimbo ulivyoimbwa, haukuwepo. "Ahsante sana, mzee," ndilo pekee lililomtoka.

Ila usikurupuke kufungua ya kwenu. Humo kuna volti 230, na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa waya. Tafuta mzee mwenye testa kabla hujamwita mtu wa chuma chakavu.

Vipi, kwenu boksi la mzee bado lipo, au lilishapimwa kwa kilo?